Jengo la zege tupu: mwongozo kamili wa kuamua kubomoa au kuhifadhi

Mjadala wa jengo la zege tupu karibu kila mara huanzia mahali pasipofaa: ni zuri au ni baya. Wanaolichukia wanaona gereza, wanaolipenda wanaona sanamu, na kikao kinavunjika bila mtu hata mmoja kuuliza kava ya nondo, yaani unene wa zege linaloifunika nondo, ni milimita ngapi. Mwongozo huu unaenda kwa mpangilio mwingine. Unaanza na maji, unapita kwenye nondo, unafika kwenye matumizi, joto na hesabu, kisha ladha inaruhusiwa kuingia wakati hali ya jengo inajulikana tayari. Ni kwa ajili ya kamati za mji, wamiliki, vyama vya wakazi na wahandisi wanaodaiwa jibu moja: libaki, libadilishwe, au liondoke.

Jina lake kwanza, maana linapotosha. Ubrutalisti, jina la mtindo huu, hauna undugu na ukatili (brutal kwa Kiingereza). Umetoka kwenye Kifaransa, béton brut, yaani zege ghafi, lililoachwa kama lilivyotoka kwenye fomu, ile kalibu ya mbao ya kumwagia zege. Msanifu Le Corbusier aliliacha hivyo kwenye Unité d'Habitation, jengo la makazi la Marseille, Ufaransa, lililokamilika 1952, na alama za mbao za fomu bado zinasomeka ukutani. Kiufundi maana yake ni hii: jengo la kawaida lina plasta, rangi au vigae vya kulikinga, hili halina. Zege ndiyo mifupa, ndiyo ngozi, ndiyo na pambo.

Hatua ya 1: Chambua malalamiko kabla ya kulichambua jengo

Kusanya malalamiko yote kwa maandishi, kisha yagawe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ya usimamizi: taa za ngazi zimeungua, lifti imekufa, korido zinanuka mkojo, mlango wa chini haufungwi. Fungu la pili ni ya maji: paa linavuja, mabomba yaliyopitishwa ndani ya kuta yamepasuka, kuta zina michirizi myeusi. Fungu la tatu ni ya jengo lenyewe: nyufa, vipande vinavyoanguka, dari fupi, vyumba visivyofikiwa na mwanga.

Ukimaliza utaona fungu la tatu ndilo dogo. Trellick Tower, mnara wa makazi wa London, kazi ya msanifu Ernő Goldfinger iliyokamilika 1972, ilikuwa mfano wa kila mtu wa jengo la kutisha. Kilichokuja kuigeuza hakikuwa zege jipya: wapangaji walijipanga, mlango ukawekewa intakomu, mapokezi yakapata mtu. Mwaka 1998 ikaorodheshwa kama urithi, na nyumba zake zikaanza kugombewa. Kubomoa jengo kwa sababu ya fungu la kwanza ni kulipa gharama ya jengo zima kwa kosa la mtu wa kubadilisha balbu, na jengo jipya likikabidhiwa kwa usimamizi uleule litafika palepale.

Hatua ya 2: Fungua faili

Tafuta michoro ya mhandisi wa miundo, si ya msanifu peke yake. Unatafuta orodha za nondo, kava iliyoagizwa, uwiano wa mchanganyiko, na mwaka wa kila sehemu kumwagwa. Kama faili imepotea, bajeti ya vipimo iongezwe, maana kila kilichokuwa kimeandikwa itabidi kitafutwe kwa kutoboa.

Kuna vitu vinne vya zama hizo vinavyobadilisha hesabu yote, na vitafutwe kwa majina:

Kalsiamu kloridi. Ilimiminwa kwenye zege ili ligande haraka, hasa wakati wa baridi na kwenye vipande vilivyotengenezwa kiwandani. Uingereza iliizuia kwenye zege lenye nondo mwaka 1977. Jengo la kabla ya hapo lishukiwe hadi vipimo vilisafishe.

Saruji ya alumina nyingi. Hugeuka kimaumbile kadiri miaka inavyokwenda na kupoteza nguvu, hasa penye joto na unyevu. Ilipendwa kwenye boriti za kiwandani, kwa hiyo angalia mapaa ya kumbi, mabwawa ya kuogelea na jikoni kubwa.

Slabu za zege lenye mapovu. Ni nyepesi, hazina kokoto, na zikikatwa zinafanana na mkate. Bisibisi inazikwaruza bila shida. Nchini Uingereza mwaka 2023 zaidi ya shule 100 ziliambiwa zifunge madarasa kwa sababu yake. Pima egemeo: slabu iliyokalia ukuta kwa chini ya mm 75 ni hatari ya leo, si ya mwakani.

Paneli kubwa za kuegemeana. Hapa kuta zenyewe ndizo zinazobeba. Mlipuko wa gesi wa Mei 1968 kwenye Ronan Point, London, uliangusha kona nzima ya jengo la ghorofa 22 na kuua watu 4, kwa kuwa maungio hayakuwa na cha kuyashika paneli moja ilipotoka.

Hatua ya 3: Lizunguke jengo mara mbili

Mzunguko wa kwanza ufanyike mvua ikinyesha au saa chache baada yake. Chukua darubini, nakala za michoro ya pande zote, na penseli ya rangi. Chora maji yanapopita: yanatokea wapi kwenye ukingo wa paa, yanashukia wapi, yanaingia wapi. Angalia chini ya kila kizingiti cha dirisha na kila ukingo wa kibaraza kama kuna mfereji mdogo wa kudondoshea maji. Ukiwa umezibwa na rangi au haukuwekwa, maji hujikunja na kutambaa chini ya slabu. Michirizi myeusi inayofanya watu waseme jengo ni baya aghalabu ni ukungu na vumbi vilivyofuata njia hiyo, na dawa yake ni kuyahamisha maji.

Mzunguko wa pili ni wa nyundo. Gonga kingo za vibaraza, pembe za nguzo, sehemu za chini za boriti, kila sentimita 30 hivi. Zege zima linarudisha nyundo kwa mlio mkavu. Lililoachana na nondo linatoa sauti ya debe. Weka alama ya chaki kuzunguka sauti hiyo, piga picha, andika vipimo.

Jizoeze kusoma jeraha moja kwa karibu. Kwenye ukingo wa chini wa kibaraza kuna mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, umenyooka kama umepigwa rula. Unyoofu huo unakuambia kwamba ufa unafuata nondo. Nyufa za kusinyaa hazinyooki hivyo. Sentimita 40 mbele, kipande cha ukubwa wa kiganja kimetoka, na nyuma yake nondo imevimba magamba. Kutu inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichooza, kwa hiyo ndiyo iliyolisukuma zege nje. Pima kutoka uso wa zege hadi kwenye nondo. Ukikuta mm 8 mahali mchoro unasema 25, umejua sababu: siku ya kumwaga, vikalio vya kuitenga nondo na fomu vilisahaulika au vilikanyagwa. Swali lililobaki ni kama vilisahaulika pale tu au jengo zima.

Nyufa za mtandao kama udongo uliokauka, zenye utomvu mweupe au wa kung'aa, ni habari tofauti. Huenda kokoto zenyewe zinapigana na saruji. Hilo halithibitishwi kwa macho. Kipande kiende maabara kikatwe na kutazamwa kwa hadubini.

Hatua ya 4: Vipimo, na namna ya kuvielewa

Usikubali ripoti yenye nyundo ya kudunda peke yake. Chombo kile kinalinganisha ugumu wa uso, basi, na uso wa zege la miaka 50 umekuwa mgumu kwa sababu ya kufyonza hewa. Agiza hivi:

Kava. Kipima kava kipitishwe kwenye maeneo ya mita moja ya mraba, kila upande wa jengo, kila aina ya kiungo: nguzo, boriti, ukingo, paneli. Usitake wastani. Taka mgawanyo: asilimia ngapi iko chini ya mm 10, chini ya 15, chini ya 20. Wastani wa mm 22 unaweza kuficha robo ya nondo zilizo karibu kabisa na hewa. Penye zege lililochongwa kwa nyundo ili kokoto zionekane, kama kuta za Barbican ya London, kumbuka uchongaji umekula kava tayari, hivyo pima kutoka kwenye bonde na si kwenye kilima.

Kina cha kufyonza kaboni. Zege jipya lina pH ya 12.5 hadi 13, na katika hali hiyo nondo haishiki kutu. Kaboni dioksidi inaingia polepole na kuishusha chini ya 9. Vunja kipande kipya, pangusa vumbi, nyunyizia phenolphthalein, kemikali inayobadilika rangi, papo hapo: sehemu iliyo salama inageuka waridi, iliyokufa inabaki na rangi yake. Kosa la kawaida ni kunyunyizia tundu la keekee bila kulipangusa. Vumbi la ndani linapaka waridi kila mahali na jengo linapewa afya lisiyo nayo.

Kina hiki hukua kwa kipeuo cha pili cha muda, na hapo ndipo hesabu inaposaidia. Tuseme jengo lina miaka 50 na kina ni mm 15. Gawa 15 kwa kipeuo cha pili cha 50, upate 2.12. Ili kufikia nondo iliyo mm 20 ndani, gawa 20 kwa 2.12, zidisha jibu kwa lenyewe: miaka 89 tangu kujengwa, yaani 39 kutoka leo. Kwa nondo iliyo mm 10, jibu ni miaka 22. Hiyo ilifikiwa miaka 28 iliyopita. Jengo moja, zege moja, nondo mbili zenye hatima tofauti. Ndiyo maana mgawanyo wa kava una thamani kuliko wastani.

Na jambo linalosahauliwa: zege lililofyonza kaboni lakini ni kavu halina haraka ya kuoza. Kuta za ndani mara nyingi zimefyonza kwa kina kuliko za nje, na nondo zake ziko safi. Kutu inataka unyevu. Kwa hiyo namba ya kaboni isomwe pamoja na ule mchoro wa maji wa Hatua ya 3.

Kloridi. Toboa na kukusanya unga kwa tabaka: mm 5 za kwanza tupa, kisha 5 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 75. Kiwango cha kuanza kuogopa ni kama 0.4% ya uzito wa saruji. Ila umbo la namba ndilo linalozungumza. Zikipungua kadiri unavyoingia, chumvi imetoka nje, kwenye hewa ya bahari au chumvi ya kuyeyushia barafu, na tabaka lililoathirika linaweza kuondolewa. Zikiwa sawa kina chote, chumvi ilichanganywa na zege tangu mwanzo. Hapo hakuna cha kuchonga, maana jengo lote ni jeraha.

Umeme wa kutu. Ramani ya nususeli, yaani volti ya nondo inayopimwa kutoka uso wa zege, gridi ya mm 500. Kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, usomaji hasi zaidi ya mV 350 unaashiria uwezekano wa 90% kwamba kutu inaendelea. Usio hasi kufika mV 200 unaashiria kinyume chake. Kati ya hapo, toboa uone.

Nguvu. Vipande vya mviringo vya kipenyo cha mm 100, angalau vitatu kila eneo, vikiwa vimekwepa nondo. Kama jengo lina nyaya zilizovutwa, yaani nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege ili kulibana, hakuna anayetoboa kabla ya nyaya kutafutwa na kuchorwa sakafuni kwa rangi.

Hatua ya 5: Linaweza kutumika kwa nini?

Zege zima lisilo na matumizi litaoza vilevile, maana hakuna atakayelipia paa lake. Pima urefu wa sakafu hadi sakafu. Mita 2.7 zinatosha makazi, na mabomba yakipangwa kwa akili. Ofisi yenye mifereji ya hewa darini inataka kama mita 3.3 au zaidi. Pima upana wa jengo: mwanga wa dirisha unafaa hadi umbali wa mara mbili au mbili na nusu ya urefu wa juu ya dirisha, kwa hiyo jengo lenye madirisha pande mbili lisipite mita 14 hivi kama watu watalala ndani. Likizidi, ama kiini kitobolewe kuwa ua, ama kiini hicho kipewe ngazi, vyoo na maghala.

Mizigo kwa kawaida ni habari njema. Sakafu ya maktaba au ofisi ilikadiriwa kubeba zaidi ya makazi, ambayo yanahitaji takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Habari mbaya iko kwenye kutoboa: slabu bapa isiyo na boriti haivumilii tundu karibu na kichwa cha nguzo, na ukuta unaobeba haufunguliwi mlango kwa sababu tu mchoro mpya unapendeza.

Maegesho ya ghorofa ndiyo kesi ngumu kuliko zote. Dari ni mita 2 na ushee, sakafu zimeinama, na magari yameingiza chumvi kwa miongo. Hapo kubomoa mara nyingi kuna haki yake.

Kwa upande wa yaliyofanikiwa: jengo la ofisi la msanifu Marcel Breuer huko New Haven, Marekani, lililokamilika 1970, liligeuzwa hoteli na kufunguliwa 2022. Park Hill, mtaa wa makazi wa Sheffield, Uingereza, ilivuliwa kuta zake za matofali na madirisha, mifupa ya zege ikatengenezwa na kubaki, na nyumba mpya zikaingizwa ndani yake. Na kule Bordeaux, mtaa wa Grand Parc wenye nyumba 530, wasanifu Lacaton na Vassal pamoja na wenzao walibandika vyumba vya vioo vya kina cha mita 3.8 mbele ya majengo bila kuwahamisha wapangaji. Njia hii ya mwisho hailifai jengo ambalo thamani yake iko usoni, ila kwa yale ya kawaida, na ndiyo mengi, inashinda.

Hatua ya 6: Joto

Ukuta wa zege wa mm 200 unapitisha takriban wati 3.5 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Ukiweka ndani kihami, yaani tabaka la kuzuia joto lisipite, cha mm 60, unashuka hadi kama 0.5. Kwenye karatasi kazi imeisha. Kwenye jengo haijaisha, maana slabu inapita moja kwa moja kutoka sebuleni hadi kibarazani, na joto linapita nayo. Kihami kirudishwe juu na chini ya slabu, sentimita 60 hadi mita moja kutoka ukutani, la sivyo ile kona itatoka jasho na ukungu ndani ya msimu mmoja. Na usihami ukuta unaovuja. Ukuta wa nje utakuwa baridi na mbichi zaidi kuliko ulivyokuwa, na nondo zake zitalipa.

Kuhami kwa nje ni rahisi na bora kijoto, ila kunalifuta jengo. Ukishalivika, sababu moja kubwa ya kulihifadhi imezikwa. Penye joto kali tatizo linageuka: zege linatunza jua la mchana na kulitema usiku. Hapo anza na vivuli, ambavyo majengo haya huwa navyo tayari, na upepo wa usiku, kabla ya kununua mashine.

Hatua ya 7: Hesabu ya kaboni na ya fedha

Hoja dhaifu ya wahifadhi ni kusema "kaboni ya jengo hili ilishatolewa, tusiipoteze." Ilishatolewa kweli, na haitarudi hata ukilibusu jengo. Kinachohesabiwa ni kitakachotolewa kuanzia leo, kwa kila chaguo.

Chukua mfano wa mita za mraba 10,000, kwa namba za kujifunzia. Jengo jipya kwa kilo 700 za kaboni dioksidi kwa mita ni tani 7,000. Ukarabati mzito kwa kilo 300 ni tani 3,000. Tofauti ni tani 4,000. Sasa jipya likiwa na matumizi bora ya nishati na kuokoa kilo 10 kwa mita kwa mwaka kuliko lililokarabatiwa, ni tani 100 kwa mwaka. Litachukua miaka 40 kulipa deni lake la kuzaliwa, na kadiri gridi ya umeme inavyosafishwa deni linarefuka. Weka namba zako mwenyewe, halafu uliza swali moja tu: jipya linalipa deni kabla ya umri wake wa kubadilishwa au baada?

Usisahau uzito. Kwa nusu mita ya ujazo ya zege kwa kila mita ya mraba, jengo hilo lina mita za ujazo 5,000, tani 12,000, safari 600 za lori la tani 20 kupita mitaani. Karibu yote itasagwa kuwa kokoto za chini ya barabara.

Kwa fedha, makadirio ya kutengeneza zege yawe na akiba ya 20% hadi 30% kwa kipengele hicho peke yake. Majukwaa yakishapanda na nyundo kufika pasipofikika, eneo la majeraha huongezeka. Mkadiriaji majenzi anayekupa namba moja bila akiba hajapanda jukwaa.

Na jengo jipya litakalochukua nafasi yake lina fedha? Picha zake zitapendeza, kipya kinyemi. Tricorn Centre, jengo la maduka na maegesho la Portsmouth, Uingereza, ilifunguliwa 1966 na kubomolewa 2004, na kwa miaka mingi baadaye kiwanja kikabaki maegesho ya magari. Kibali cha kubomoa kifungwe na mkataba uliosainiwa wa kujenga.

Hatua ya 8: Thamani

Sasa ndipo ladha inapoingia, na iingie ikiwa na vigezo. Ni kazi ya nani? Limebaki kama lilivyokuwa kwa kiasi gani? Yako mangapi ya aina yake? Linaubeba mji vipi: ngazi zake, kivuli chake, njia inayopita chini yake? Watu wanalifanyia nini?

Kigezo cha mwisho ndicho kilichoiokoa Preston Bus Station, kituo cha mabasi cha Uingereza cha 1969. Halmashauri iliamua kuibomoa, wakazi wakaikataa, ikaorodheshwa 2013 na kukarabatiwa ikiwa bado inapokea mabasi. Maktaba kuu ya Birmingham, iliyofunguliwa 1974, haikupata kinga hiyo na ikaondoka 2016. Robin Hood Gardens, majengo ya makazi ya London, ilianza kubomolewa 2017, na jumba la makumbusho la V&A likachukua kipande chake. Kipande kwenye makumbusho ni kumbukumbu, hakimpi mtu pa kulala.

Hatua ya 9: Amua

Maoni yetu, kwa wazi. Bomoa kama kloridi iko ndani ya zege zima na nondo kuu zimeanza kuoza. Kama paneli zinazobeba hazishikiki kwa gharama ya akili. Au kama dari na upana vinakataa kila matumizi yaliyojaribiwa na watu wasiopungua wawili wasio na maslahi. Hifadhi kama kutu iko kwenye kingo na vibaraza tu, hata ikitisha kwa macho, maana hiyo inatengenezeka. Kati ya hapo kuna chaguo ambalo kamati hulisahau: kubomoa sehemu. Ondoa maegesho, viambatisho vya baadaye au daraja lililokufa, acha mnara.

Hatua ya 10: Ukihifadhi, kiraka kifanywe hivi

Paa, mifereji na maungio vitangulie. Kiraka chini ya paa linalovuja ni fedha iliyotupwa. Baada ya hapo:

1. Kata ukingo wa kiraka kwa msumeno, angalau mm 10 kwenda ndani, pembe mraba. Ukingo unaokwisha kwa wembamba utabanduka.
2. Chonga hadi mm 20 nyuma ya nondo, na endelea kuifuata nondo hadi ukute mm 50 za chuma kisafi. Wengi wanaishia mbele ya nondo. Nusu ya nyuma inaendelea kuoza kimyakimya.
3. Safisha kutu kwa mchanga wa shinikizo hadi chuma king'ae, kisha pima kilichobaki. Nondo ya mm 16 iliyobaki 14 imepoteza 23% ya chuma chake, ingawa kwa jicho inaonekana nzima. Hapo mhandisi aamue kuongeza nondo.
4. Penye kloridi, funga anodi za zinki, vipande vinavyooza badala ya nondo, karibu na ukingo wa kiraka, ndani ya mm 100, na upime kwa mita kwamba zimeshikana na nondo kiumeme. Bila hizo kiraka kizuri hugeuza zege la pembeni kuwa mwathirika mpya, na miaka michache baadaye pete ya kutu inakizunguka.
5. Lowesha zege la zamani hadi lishibe, uso uwe mkavu usiong'aa, ndipo ujaze kwa tabaka na kushindilia nyuma ya nondo.
6. Funika kwa magunia mabichi na plastiki kwa siku 7.

Sehemu ngumu ni sura. Mchanganyiko wa viraka wa dukani ni laini na wa kijivu cha aina moja. Ukiwekwa kwenye zege lenye alama za mbao unaonekana kama plasta kwenye goti. Chambua kipande cha zege la asili ujue rangi ya mchanga, ukubwa wa kokoto na aina ya saruji, kisha tengeneza sampuli zisizopungua tatu, mita moja kwa moja, mahali pasipoonekana sana. Bonyezea ubao wenye upana na nyuzi kama za awali. Subiri siku 28, zitazame zikiwa kavu na zikiwa zimelowa, asubuhi na jioni. Anayechagua siku ya tatu anachagua rangi ya unyevu.

Kusafisha: mvuke wa shinikizo dogo na brashi laini, kila mara kwa kipande cha majaribio. Mchanga wa shinikizo kwenye uso mzima unakula alama za mbao na kava pamoja. Silane, dawa ya kupaka isiyobadilisha rangi, inazuia maji kwa miaka 10 hadi 15, ila haizuii kaboni, usiuziwe kwa sababu hiyo. Rangi za kuzuia kaboni zinafanya kazi, nazo zinaua zege tupu. Ziwekwe kwenye migongo ya vibaraza, si usoni.

Hatua ya 11: Ukibomoa

Chunguza kwanza asbesto, kwa uchunguzi wa kuvunja kuta na kufungua mabomba. Silanti, yaani vijazio laini vya maungio, za miaka ya 1950 hadi 1970 zipimwe PCB, kemikali ya sumu, na rangi za zamani zipimwe madini ya risasi. Vyote vitoke kabla mashine haijaingia. Skani jengo kwa leza, piga picha za alama za fomu kwa karibu, hifadhi vipande vya maabara na michoro.

Jengo lenye nyaya zilizovutwa halibomolewi kama mengine: waya ukikatwa ovyo unaachia nguvu yake yote kwa mara moja, na slabu iliyokuwa inajibeba inakuwa haijibebi tena. Mhandisi aandike mpangilio wa kukata, na nguzo za muda ziwe chini kabla ya waya wa kwanza. Kwa jengo la kawaida, shuka ghorofa moja moja kutoka juu, na kifusi kisirundikwe juu ya slabu zaidi ya uzito ilioidhinishiwa. Nusu mita ya kifusi inapita mzigo wa makazi mara kadhaa. Ukifika chini, slabu ya usawa wa ardhi ndiyo inayozizuia kuta za orofa ya chini ya ardhi zisisukumwe na udongo. Usiiguse hadi kuta hizo zimewekewa mihimili ya kukinzana, au orofa yenyewe imejazwa.